Wa Mwisho Kupita Kona

Keki ndiyo iliyonichelewesha. Nikisema hivyo watu hutabasamu, nami huwaacha watabasamu, maana nikianza kueleza yote wataniona nimerukwa na akili.

Ilikuwa Jumapili ya mwisho ya Novemba. Chama chetu cha baiskeli kilikuwa kimekunywa chai katika ukumbi wa kanisa la Pencroft, watu tisa, suruali zimejaa matope mpaka magotini. Saa kumi kasorobo jioni kiongozi wetu, mzee Aubrey Tandy, akapuliza filimbi na wote wakapanda baiskeli kuelekea stesheni ya Lenbury. Mimi nikarudi jikoni kufunga kipande cha keki ya karoti kwa ajili ya mdogo wangu, Des. Hakuwa amegusa hata skonzi. Tangu mkewe azikwe mwezi wa Juni alikuwa hali chakula cha maana.

Mimi ndiye niliyemburuta kwenye chama. "Utaozea humo ndani," nilimwambia. "Toka upate hewa, wewe!" Hiyo ilikuwa safari yake ya tatu.

Vijia vyetu vya mashambani ni vyembamba, vina nyua za miiba ndefu kuliko mtu, na kona haziishi. Wazee nao hawaendi mwendo mmoja. Kwa hiyo kwenye kila kona kiongozi humwacha mtu mmoja asimame na kunyoosha mkono kuonyesha njia. Tunamwita mwenye kona. Haondoki hapo mpaka apite mfunga msafara, yule wa nyuma kabisa, amwambie, "Mimi ndiye wa mwisho." Hapo ndipo naye hupanda baiskeli yake. Mfunga msafara nilikuwa mimi, kwa miaka kumi na mmoja, na sikuwahi kumsahau mtu.

"Yaani nisimame tu kama mti?" Des aliniuliza asubuhi ile, Aubrey alipomwambia kwamba leo atashika kona.

"Kama mti. Na usithubutu kuondoka mpaka unione nimepita. Ukiondoka nitakuvunja miguu."

"Sawa, bosi."

Akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu Juni, na moyo wangu ulifurahi sana.

Basi nikatoka ukumbini na keki mfukoni, nikakuta ukungu umeshuka. Ukungu mzito, mweupe, unaolowesha nyusi. Wenzangu walishapotea. Nikapiga pedali polepole, nikisikia mnyororo wangu tu, na kunguru mmoja mahali fulani.

Baada ya maili moja hivi nikaona kibao cha njia. Chini yake amesimama mtu.

Koti la mvua, kofia imeshushwa usoni, mkono umenyooshwa kulia. Des, nikawaza. Sikutazama viatu vyake. Sikutazama baiskeli yake. Nani hutazama viatu kwenye ukungu kama ule?

"Mimi ndiye wa mwisho!" nikamwambia. "Twende nyumbani, kijana, kabla hatujaganda."

Mkono ukashuka. Taratibu sana, kama mlango uliokaa miaka bila kufunguliwa.

Nikapinda kulia, naye akanifuata. Nilimsikia nyuma yangu, gurudumu lake likilia tik... tik... tik... Baada ya muda ikanijia harufu. Sufu iliyoloa. Na kitu kingine kama kitunguu saumu, harufu niliyoijua nikiwa mtoto kwenye banda la babu yetu, alipokuwa akiwasha taa yake ya zamani ya baiskeli, ile ya gesi ya kabaidi.

"Umekula nini, wewe?" nikamtania.

Gurudumu likalia tik... tik...

"Des?"

"Nimesimama sana," ikanong'ona sauti.

"Dakika kumi tu! Acha kudeka."

"Mkono umechoka."

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka. Nikamwambia nina keki yake mfukoni, na kwamba Jumapili ijayo nitamwombea kona yenye benchi. Nyuma yangu ni tik... tik... tik... tu, karibu sana, karibu kuliko mwendesha baiskeli mwenye akili anavyomsogelea mwenzake.

Karibu na stesheni Aubrey alikuwa amesimama barabarani. Kwenye ukungu yeye huhesabu watu kwa kengele, kila mtu anapiga yake mara moja. Saba zililia. Nikapiga yangu, ya nane. Nyuma yangu ikalia ya tisa, nzito, ya zamani.

"Tisa!" Aubrey akasema. "Tumetimia. Asanteni sana, jamani."

Nikageuka chini ya taa ya stesheni, keki mkononi.

Nyuma yangu hapakuwa na mtu.

"Des yuko wapi?" nikauliza.

"Si umekuja naye?" Aubrey akashangaa. "Nilimwacha kwenye kona ya lile gofu, Kanisa Bovu."

"Kanisa Bovu? Mimi nimempita kwenye kibao cha kwanza. Alinionyesha kulia."

Aubrey akanitazama. Uso wake ulibadilika, nikaona kabisa, kama mtu aliyesikia jina la marehemu likiitwa. "Kwenye kibao cha kwanza sikuacha mtu," akasema. "Tulipita moja kwa moja. Chama hakiachi mtu pale. Tangu zamani."

Nikatoa simu, nikampigia Des. Ikaita mara moja tu akapokea.

"Dada, uko wapi? Nimekaukia hapa!"

Nilitaka kulia kwa furaha. "Ondoka hapo, Des. Panda baiskeli, njoo stesheni sasa hivi."

"Hujapita bado."

"Nimepita njia nyingine. Ondoka!"

"Ulisema nisiondoke mpaka..." Sauti ikafifia, kisha ikarudi kwa mbali sana. "Dada, mbona mkono haushuki?"

Simu ikakatika.

Tulikwenda na gari la mke wa Aubrey. Tulifika Kanisa Bovu saa kumi na moja na robo; Des hakuwepo. Baiskeli ya Des ilikuwa imeegemezwa ukutani, glovu zake juu ya kiti, themosi kando. Nilipoifungua chai ilitoa moshi. Tulimwita mpaka koo zikakauka. Polisi walikuja na mbwa, wakapekua mashamba na mifereji kwa wiki tatu. Wakaishia kuandika kwamba alikuwa mgane mwenye huzuni. Walimaanisha nini kila mtu alielewa. Nilimtukana yule sajenti matusi ambayo sikujua kama ninayo.

Aubrey ndiye aliyenisimulia, tena baada ya kumbana. Kwenye daftari la kwanza la chama, miaka mingi kabla sisi hatujazaliwa, kuna kijana aitwaye Lionel Crudge. Aliachwa kwenye kibao kile siku ya theluji. Mfunga msafara wa siku hiyo alichoka njiani, akapewa lifti na gari la maziwa, akaenda zake kulala. Lionel walimkuta siku ya tatu, amesimama. Mkono umenyooka.

"Na ulijua?" nikamwuliza.

"Nilijua alikufa. Basi. Watu hufa, Glenys."

"Na uso wako pale stesheni, je?"

Akainuka akaenda zake. Mwaka uliofuata akauza baiskeli yake.

Mimi sikuuza yangu. Nilikagua mita za gesi miaka ishirini na saba, nikaingia vyumba vya chini vya watu peke yangu, na mashetani sikuyaamini. Lakini Desemba ile, jioni ya kwanza yenye ukungu, nilivaa kizibao changu cha njano nikaenda Kanisa Bovu.

Alikuwepo.

Des wangu, amekonda, midomo ya buluu, mkono umenyooshwa kushoto. Nilishuka nikamshika shavu. Lilikuwa baridi kama bomba la maji, lakini lilikuwa shavu, lina ndevu za siku mbili. Nikasema yale maneno. Nilikuwa nayarudia njia nzima.

"Mimi ndiye wa mwisho, Des. Twende nyumbani."

Mkono haukushuka.

"Mimi ndiye wa mwisho! Sikia basi!"

Macho yake yakapita begani kwangu, yakatazama njia niliyotoka.

"Hapana, dada," akanong'ona. "Kuna mtu nyuma yako."

Tik... tik... tik...

Halafu harufu ile. Sufu, na kitunguu saumu.

Nimejaribu kila kitu. Nimesimama kando ili huyo wa nyuma apite, naye husimama. Nimegeuza baiskeli nikaenda kinyume; bado yuko nyuma yangu, na maadamu yuko, mimi si wa mwisho. Nimemsihi, nimemlaani, nimemletea padri. Nadhani haniwindi. Nilimwambia twende nyumbani, naye hana nyumba tena, basi ananifuata mimi. Nimeshamwambia Des tubadilishane, nisimame mimi. Nilijipanga pale kando yake na mkono wangu nikaunyoosha mpaka ukafa ganzi. Akanitazama kwa huruma, mimi niliyemwacha pale. "Kona ina mtu, dada," akasema.

Mwaka huu ni wa tisa. Nimetimiza miaka sitini na saba na goti la kulia halifai tena. Kila ukungu ukishuka nakwenda, na kila nikienda nabeba kipande cha keki ya karoti. Hakigusi. Nakiweka ukutani, kesho yake nakuta ndege wamekimaliza.

Simwambii tena yale maneno. Nampita tu, polepole, ili anione. Jumapili iliyopita mkono wake ulikuwa unatetemeka sana, akaniita nilipokuwa nimeshafika kwenye mteremko.

"Dada!"

Nikafunga breki.

"Huyo wa nyuma yako," akasema, kwa adabu kabisa, kama mtu asiyetaka kusumbua. "Mwambie afanye haraka kidogo. Nimechoka."

Nyuma yangu, kengele nzito ikalia mara moja.