Kitabu Ndani ya Kochi

Kila siku saa kumi na mbili jioni, Fundi Vipimo aliweka kiti katikati ya sebule na kumwita binti yake.

"Chiriku! Kusoma!"

Kazi yake ilikuwa kutengeneza makochi. Watu walimwita Vipimo kwa sababu hakuachana na futi yake, hata mezani. Alipima mkate kabla ya kuukata, na kila mtu alipata kipande sawasawa.

Binti yake alikuwa na miaka tisa. Jina la Chiriku lilitokana na mdomo wake. Aliongea akila, aliongea akioga, aliongea hata akipiga mswaki. Lakini akiwekewa kitabu mbele yake, mdomo huo uligoma.

Nyumbani kulikuwa na vitabu vitatu. Cha kwanza kilieleza namna ya kufuga kuku wa mayai. Hawakuwa na kuku. Cha pili kilieleza alama za barabarani. Hawakuwa na gari. Cha tatu kilieleza namna ya kutumia jokofu. Jokofu walikuwa nalo, ila kitabu kilikuwa cha jokofu la aina nyingine.

"Kitabu lazima kiwe na faida," Fundi alikuwa akisema. "Hadithi ni uongo uliopigwa chapa."

Basi Chiriku akaanza. "Ku-ku a-na-po... a-na-po-ha-ri..."

"Anapoharisha," baba alisaidia. "Endelea."

"Baba, tumbo linaniuma."

"Wewe au kuku?" mama aliuliza kutoka jikoni. Mama Chiriku alikuwa mpokezi katika zahanati ya jirani. Maumivu ya uongo aliyajua vizuri, maana aliyasikia kutwa nzima.

Siku moja Chiriku alileta barua kutoka shuleni. Mwalimu aliandika hivi: "Mtoto anasoma kwa kukokota. Akifika mwisho wa sentensi, mwanzo ameshausahau. Asipobadilika muhula huu, atarudia darasa."

Fundi aliikunja barua ile, akaikunjua tena. Yeye mwenyewe aliwahi kurudia darasa. Alikumbuka alivyokaa dawati la nyuma pamoja na watoto waliomfika kifuani. Alikumbuka walivyomwita "babu". Hakutaka binti yake ayaone hayo.

"Kurasa mbili hazitoshi," alisema hatimaye. "Kuanzia leo ni nne."

Mambo yakazidi kuharibika. Tumbo la Chiriku likaanza kuuma saa kumi na moja na nusu, mapema kabisa, ili lisichelewe. Siku ya tatu walimtafuta nyumba nzima, wakamkuta ndani ya kabati la nguo. Siku ya tano alikula chakula chote bila kusema neno. Mama yake aliweka kijiko chini.

"Baba Chiriku, mtoto huyu umemtia hofu ya vitabu."

"Atazoea."

"Atazoea kabati," mama akajibu.

Juma lililofuata, mzee mmoja alileta kochi karakana kwa Fundi. Mzee huyo alikuwa askari mstaafu wa barabarani. Alikuwa na masharubu mazito na sauti ya kusimamisha malori.

"Kitambaa kipya, springi mpya. Nitalichukua Ijumaa," alisema, akaondoka.

Fundi alilipindua kochi, akachana kitambaa cha chini, akaingiza mkono. Katikati ya springi akagusa kitu kigumu. Akakivuta. Kilikuwa kitabu kisicho na jalada, kimekunjika kama skafu ya baridi. Alisoma mstari wa kwanza ili ajue ni takataka ya namna gani.

Ilikuwa hadithi ya mapenzi. Daktari wa mifugo amempenda mwanamke dereva wa lori. Anaona haya kumwambia, kwa hiyo anamwandikia barua. Barua zinapelekwa nyumba isiyo yake. Zote zinamfikia shangazi wa yule dereva, na shangazi anaanza kujipaka wanja.

"Upuuzi mtupu," Fundi alisema, akafungua ukurasa wa pili.

Mchana hakula. Alisoma ameketi juu ya sponji, nyundo mapajani. Siku ya pili alisoma huku akipigilia misumari, akapiga kidole gumba. Siku ya tatu alifika ukurasa wa mia moja na kumi na mbili. Mlango ulikuwa ukigongwa. Daktari alikuwa akitetemeka. "Alifungua mlango. Mbele yake alisimama..."

Fundi akafunua. Hakukuwa na ukurasa mwingine. Akatikisa kochi, akaingiza mkono hadi begani. Alipata kifungo cha shati na mbegu ya chungwa, basi.

"Alisimama nani?" aliuliza karakana tupu.

Ijumaa askari mstaafu alikuja. Alilizunguka kochi lake mara mbili.

"Fundi, haya maua mbona yanaota kuelekea chini?"

Fundi akatazama. Kweli, kitambaa alikiweka juu chini. Katika miaka kumi na minane ya kazi, jambo hilo lilikuwa halijawahi kumpata.

"Nisamehe, afande. Nilikuwa na mawazo."

Lakini askari hakuwa akimsikiliza. Alikuwa amepenyeza mkono kwenye pembe ya kochi, anapapasa polepole huku akitazama dari.

"Unatafuta nini, afande?"

"Kalamu yangu."

"Kalamu ya kurasa mia moja na kumi na mbili?"

Masharubu ya askari yalicheza kidogo. Kisha alichungulia nje, akasogea karibu.

"Umefika wapi?"

"Mlangoni."

"Ah! Mlangoni!" Askari alijipiga paja. "Pazuri hapo! Kurasa zilizobaki mke wangu alizitandika chini ya keki. Nilikuwa nakificha kitabu ili nisichekwe, na yeye hata hakujua anachana nini."

"Sasa nani alikuwa mlangoni?"

Askari akanyooka. "Nimefanya kazi ya polisi miaka thelathini na mmoja. Sijawahi kutoa siri. Nenda maktaba, kipo kizima. Na maua yangu yageuze."

Jumatatu asubuhi Fundi alisimama mbele ya maktaba, akatazama kushoto na kulia kama mtu anayetaka kuvuka barabara, halafu akaingia. Mkutubi alikuwa mwanamke mfupi, miwani yake inaning'inia shingoni kwa kamba.

"Karibu, baba. Nikusaidie nini?"

"Natafuta kitabu cha... cha mke wangu. Sijui kinaitwaje. Kuna daktari wa ng'ombe, kuna shangazi, kuna mlango."

"Hicho!" Mkutubi akatabasamu. "Kimeazimwa. Na wewe ni nani, nikuandikie kitakaporudi?"

"Fundi Vipimo wa makochi."

Mkutubi alivaa miwani yake, akamtazama vizuri, akaanza kucheka. "Baba, ukifika nyumbani, muulize mama Chiriku. Ni mwanachama wetu mwaka wa nne huu."

Fundi aliketi kwenye kiti kilichokuwa karibu. Kilikuwa kiti cha watoto, na magoti yake yakafika kidevuni. Mwaka wa nne! Na yeye alikuwa akijisifu kwamba nyumbani kwake haingii hadithi.

Mkutubi akavuta kiti, akaketi pembeni yake. Labda kwa sababu ya kiti kile kidogo, Fundi alijikuta anamweleza yote: barua ya mwalimu, kuku wanaoharisha, kabati la nguo.

"Umesoma kurasa ngapi za kile kitabu cha mapenzi?" mkutubi aliuliza.

"Mia moja na kumi na mbili."

"Kwa siku ngapi?"

"Tatu."

"Na kile cha kuku?"

Fundi alikohoa. "Cha kuku sijakimaliza. Ni mwaka wa saba."

"Unaona? Macho ni yaleyale. Kitabu unachokipenda hakikuchoshi, kwa hiyo unasoma sana. Ukisoma sana, maneno unayazoea. Unaacha kuhesabu herufi, unaanza kuona maana. Mtoto naye ni hivyohivyo. Chiriku hasomi vibaya kwa sababu ni mvivu. Anasoma kidogo mno, na hicho kidogo anakichukia."

"Lakini mama, hadithi ni uongo. Nimeona kitabu pale kina mbuzi anaruka angani!"

"Ukimwambia mteja kochi litakuwa tayari Ijumaa, na unajua halitakuwa tayari, huo ndio uongo," mkutubi alisema. Fundi akaangalia viatu vyake. "Hadithi haimdanganyi mtu. Msomaji anajua mbuzi hapai. Anakubali apae kidogo, ili aone dunia ikoje kutoka juu. Hadithi za ajabu zinapanua mawazo. Za upelelezi zinakufundisha kuunganisha jambo na jambo. Za mapenzi zinakuingiza moyoni mwa mtu mwingine. Kwani wewe ulimwonea nani huruma?"

"Shangazi," Fundi alijibu bila kufikiri. "Masikini, anadhani barua ni zake."

"Basi. Na hujawahi kuwa shangazi wa mtu."

Kabla hajaondoka, mkutubi alimweleza la kufanya. Mtoto achague kitabu mwenyewe kwenye rafu za watoto. Za mapenzi zinasubiri awe mkubwa. Afungue ukurasa mmoja na kuhesabu maneno magumu kwa vidole. Vidole vitano vikijaa, kitabu hicho kisubiri. Mzazi asome ukurasa mmoja, mtoto asome unaofuata. "Akikwama, msubiri kidogo, kisha msaidie. Usimkemee. Muulize anadhani nini kitatokea, lakini usimfanyie mtihani. Na kitabu kikimchosha, mruhusu akiache. Kadi ya maktaba ni bure, atachagua kingine."

Jioni Fundi aliingia nyumbani, akanyoosha mkono. "Mama Chiriku, naomba kile kitabu kilicho kwenye mkoba wako."

"Kitabu gani?"

"Cha mlango."

Mama alimkodolea macho, kisha akacheka mpaka akajishika mbavu. "Na wewe umefika mlangoni! Subiri zamu yako, mume wangu. Nimebakiza sura mbili."

Jumamosi baba na binti walikwenda maktaba. Chiriku aliingia akiburuta miguu. Alipoona rafu za watoto, miguu ikapata nguvu. Alichukua kitabu chembamba chenye picha kubwa, cha mamba anayeogopa mswaki.

"Hicho ni cha watoto wa chekechea," baba akasema.

Mkutubi, aliyekuwa mbali, alikohoa. Fundi akafunga mdomo.

Jioni hiyo hakukuwa na kiti katikati ya sebule. Waliketi sakafuni, migongo imeegemea kochi. Fundi alisoma ukurasa wa kwanza kwa sauti ileile ya kitabu cha jokofu.

"Baba, siyo hivyo," Chiriku alisema. "Mamba anaogopa. Lia kidogo."

"Nilie?"

"Ndiyo. Mamba mkubwa analia kwa sauti nyembamba."

Fundi alitazama dirishani, akahakikisha limefungwa, akalia kwa sauti nyembamba. Chiriku akaanguka sakafuni kwa kicheko. Kisha akachukua kitabu, akasoma ukurasa wake. Alikwama kwenye neno "alitetemeka". Baba alitaka kulitamka, akajizuia, akasubiri. "A-li-te-te... alitetemeka!" Chiriku akasema. "Alitetemeka kwa sababu ya mswaki! Mjinga huyu!"

Walikisoma mara tatu. Tumbo halikuuma.

Juma la pili walichukua kitabu cha nyumba iliyopotewa na ngazi. Ngazi yake ilichoka kukanyagwa, ikaondoka kwenda kutembea. Kilikuwa kirefu zaidi, na Fundi alijifunza kukifunga mahali patamu. "Tutaendelea kesho," alikuwa akisema. Asubuhi ya tatu alimkuta Chiriku mlangoni, amevaa sare za shule, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, anasoma mwenyewe, midomo inacheza.

"Utachelewa!"

"Baba, ngazi imefika sokoni! Subiri!"

Siku hiyo wote wawili walichelewa.

Zamu ya Fundi ya kitabu cha mapenzi nayo ilifika. Alikisoma karakana, misumari midogo minne mdomoni kama kawaida ya mafundi wa makochi. Daktari alifungua mlango. Mbele yake alisimama shangazi, kavaa gauni la harusi. Fundi aliguna, akacheka, misumari ikaruka pande zote. Alitumia robo saa kuitafuta. Alipata mitatu, na kwa siku mbili mama Chiriku alimwamuru asikae juu ya kochi lolote la mteja kabla ya kulipapasa.

Muhula ulipokwisha, mwalimu aliwapima wanafunzi kusoma. Alimpa Chiriku hadithi asiyowahi kuiona, ya kinyozi na kondoo. Chiriku aliisoma yote. Alikwama mara mbili tu. Mwalimu akamuuliza, "Hadithi inahusu nini?"

Chiriku alieleza inahusu nini. Akaeleza kwa nini kinyozi alikosea. Akaeleza kondoo angesema nini kama angeweza kusema. Akapendekeza mwisho mwingine, mzuri kuliko ule. Kengele ya mapumziko ililia akiwa katikati ya mwisho wa tatu.

Ripoti ilisema amepanda darasa. Chini mwalimu aliongeza: "Anasoma vizuri na kuelewa. Tafadhali mwambieni kwamba na wenzake wanahitaji muda wa kujibu."

Mama aliisoma ripoti mara mbili kwa sauti. Fundi alikwenda uani, akakaa huko kidogo, akarudi macho yakiwa mekundu. Alisema ni vumbi la sponji.

Jumamosi iliyofuata walikwenda maktaba wote watatu. Mama alielekea rafu ya upelelezi. Chiriku alimshika baba mkono, akampeleka kwenye hadithi za ajabu za watu wazima, akamchagulia kitabu kinene chenye picha ya mji juu ya mgongo wa kobe.

"Mji juu ya kobe?" Fundi alishangaa. "Kobe wa ukubwa gani huyo? Uzito wote ule ataubebaje?"

"Soma utajua," Chiriku alisema, akaenda zake.

Fundi aliketi. Alihesabu maneno magumu kwa vidole, yakawa mawili. Akaendelea. Ilipofika saa kumi na moja mkutubi alipita akifunga madirisha. Mama na Chiriku walikuwa wameshasimama mlangoni, vitabu kwapani.

"Fundi, tunafunga."

Fundi aliinua kidole kimoja bila kuinua macho. "Ngoja kwanza, mama. Kobe ameamka."