Nafasi ya Kuitikia

Kabla kompyuta haijaanza kusuasua, ilianza kunukia udi.

Kaltuma alidhani harufu inatoka kwa jirani, maana nyumbani kwake hapakuwa na udi hata punje. Tangu afiwe na mumewe Fadlalla alikuwa amekaa eda, na mwenye eda hajifukizi, hajipaki manukato, wala hatoki nje ovyo. Chetezo kilikuwa uvunguni, kimefungwa ndani ya mfuko. Lakini kila alipoikaribia ile meza ya kompyuta, udi ulikuwa pale, mtamu, kama wa asubuhi ya Idi.

Halafu mashine ikawa nzito. Ukifungua faili, kile kiduara kinazunguka mpaka unasahau ulichotaka. Ndani ya kasha diski ilikwaruza, ikanyamaza, ikakwaruza tena, hata wakati hakuna aliyeigusa.

Mwingine angeizima akaendelea na maisha. Kaltuma hakuweza. Humo ndimo alimobaki Fadlalla. Mzee alikuwa amerekodi masomo ya Kinubi kwa ajili ya watoto wa mtaani kwao Makina, wanaojua Sheng kuliko lugha ya bibi zao. Alitamka neno, akanyamaza kidogo ili mwanafunzi aitikie, kisha akatamka lingine. Hakuja mtoto hata mmoja kusikiliza. Kazi bure, ungesema. Ila sasa hiyo ndiyo sauti yake pekee iliyobaki, na haikuwa imenakiliwa popote pengine.

Kwa kuwa hangeweza kuibeba kompyuta kuipeleka kwa fundi, fundi aliitwa nyumbani: Kitheka, mwenye kibanda pale Kawangware 56. Hayat, dada wa marehemu, akaja kutoka Nyayo Highrise kukaa nao, maana si vizuri mwanamume mgeni abaki peke yake na mwenye eda. Mlango ukaachwa wazi, Kaltuma akaketi nyuma ya pazia.

Kitheka alitafuta virusi, hakupata. Akapima afya ya diski, nzima. Akafunga programu zote, akabaki anaitazama skrini huku akijikuna shingo.

"Mama, hii disk iko busy mia kwa mia, na mimi sijafungua kitu," alisema. "Kuna kitu inasoma. Haiandiki, inasoma tu."

"Inasoma nini?" Hayat akauliza.

"Masomo ya mzee. Yote. Ikimaliza inarudia mwanzo."

Kitheka alikuwa na jibu la kila tatizo, na mara nyingi jibu lenyewe lilikuwa diski mpya. Alikuja nayo mfukoni, ya aina isiyo na sahani ya kuzunguka. "Hii hata sauti haina," alijigamba. Akanakili masomo, akafungua nakala moja kuhakikisha. Kimya. Akafungua nyingine. Kimya. Akarudi kwenye diski ya zamani, akacheza somo la jikoni, na sauti ya Fadlalla ikatoka vizuri kabisa kwenye spika za mitumba za Soko la Toi.

"Nar," ikasema. Moto.

Ikafuata nafasi ya mwanafunzi, na kwenye skrini mstari wa sauti ulikuwa umelala bapa, Kitheka mwenyewe akaunyooshea kidole kuonyesha kwamba hapa mzee amenyamaza, na kidole kikiwa bado hewani, ndani ya ukimya ule ambao haukuwa na chochote kilichorekodiwa, mtu mwingine akaitikia, kwa sauti ya Fadlalla lakini yenye mkwaruzo kidogo, polepole, kwa uangalifu wa anayejifunza: nar.

Kitheka akairudisha nyuma. Mstari bapa. Safari hii iliitikia vizuri zaidi.

"Hiyo ni echo," alinong'ona. Ikaitikia tena bila kuchezwa. "Shindwe!" akaropoka, kama wakemeao pepo kanisani, kisha akakumbuka yuko nyumba ya nani. "Pole, mama."

"Endelea tu, baba. Leo kila mtu alete dua yake," alisema Hayat. Akaligeukia pazia. "Wifi, wewe hufungua haya masomo saa ngapi?"

"Magharibi."

"Na huwa unaitikia?"

"Nyumba iko kimya, Hayat," Kaltuma akasema. "Anasema neno, halafu ananingoja. Ningefanya nini?"

"Magharibi mtu haitikii asiyemwona! Si tuliambiwa tukiwa watoto? Umekaribisha mgeni. Sasa sikiza: akikuita jina, nyamaza. Ukiitikia jina lako, huyo hatoki tena."

"Na sauti ya Fadlalla?"

"Imekataa kutoka, mama," Kitheka alisema taratibu. "Ni ubaki na hiyo disk na yote iko ndani, ama tuitoe."

"Itoe," Hayat akasema.

Kaltuma alilia tu. Kasha lilipofunguliwa, udi ulimpiga Kitheka usoni hadi akakohoa. Hayat aliifunga diski kwenye kanga, akaondoka nayo huku akisoma Ayatul Kursi ya kukinga na majini, akaenda kuizika.

Kwa ile diski mpya, kompyuta ikawa nyepesi ajabu. Inafunguka kabla hujaketi vizuri, na ndani hamna kitu. Kaltuma alikuwa mpweke, tusizungushe maneno. Alipika chakula cha mtu mmoja na bado kikabaki.

Magharibi moja, adhana ikiwa imemalizika na majirani wakifunga madirisha, udi ulirudi.

"Tuma," spika zikasema.

Kaltuma aliyajua masomo yote kwa moyo, na jina hilo halikuwemo. Fadlalla alimwita hivyo chumbani tu, taa ikishazimwa. Aliyelijua ni mumewe, au mtu aliyekuwa nao mle chumbani miaka yote hiyo, akiwasikiliza. Kaltuma alilielewa hilo vizuri, na maneno ya Hayat aliyakumbuka moja baada ya jingine.

Sauti haikusema zaidi. Ilinyamaza, ikamwachia nafasi yake.

Aliinuka, akaufunga mlango, akaurudia mkeka wake mbele ya meza.

"Naam, Fadlalla," akaitikia.

Na ndani ya kasha, ile diski mpya isiyo na kitu cha kuzunguka ikaanza kukwaruza.