Asante ya Sekela

Kama una kikombe cha chai mkononi, kinywe kwanza, kwa sababu habari hii inaanzia kwenye chai na nisingependa uimwage. Wengine wanaisimulia kombokombo. Mimi naisimulia ilivyokuwa, na anayebisha aende Iringa akaulize, akirudi atanikuta hapa hapa nimemaliza na sahani yake.

Mwaka wa hamsini na tano, mwezi wa sita, wakati baridi ya Iringa inapomfanya mtu azungumze na blanketi lake, Anania alikaa mezani asubuhi, nyumbani kwake, chini kidogo ya jiwe la Gangilonga. Alikuwa mkalimani wa korti, na usidharau. Siku hizo mkalimani alivaa kaptura iliyopigwa pasi mpaka ingeweza kukata nyanya, na soksi za kufika magotini, na watu walivuka barabara ili wapate kumwamkia. Alizaliwa milima ya Rungwe, upande wa Mbeya, Mnyakyusa kamili, ila alipenda watu wamdhanie mtu wa pwani. Kiswahili alikijua, Kiingereza alikijua, Kihehe cha mkewe alikijua. Kinyakyusa alikitunza kama unavyomtunza ndugu mlevi: aingie kwa mlango wa nyuma, wageni wasimwone.

Mkewe Paskalina, binti wa Kalenga, akamwekea kikombe. Anania akafungua mdomo kusema asante.

Neno halikutoka. Ulimi ulikwenda mahali pake, pumzi ikatoka, pumzi tupu. Na kutoka nyuma ya mlango wa jikoni sauti ya mwanamke ikasema taratibu, kama mtu aliyepiga magoti:

"Asante sana."

Paskalina akageuka. "Nani yuko jikoni, Baba Damari?"

"Si wewe umetoka huko sasa hivi?"

"Ndiyo maana nauliza."

Wakaenda kutazama. Kuni, sufuria, paka. Paka alikuwa amejibana juu ya rafu ya vyungu, manyoya yamesimama kama brashi ya viatu. Na harufu. Dawa ya josho, ile wanayoogeshea ng'ombe kuua kupe, kali, inayokaa kooni ikakataa kushuka. Anania hakuwa na ng'ombe hata wa kuchora.

Paskalina alisema labda ni dawa ya panya ya jirani. Anania alikwenda akaimwaga ile chai nje, akanawa mikono mara mbili.

Sasa turudi nyuma miaka mitatu, si mbali.

Kulikuwa na dada mmoja, Sekela, Mnyakyusa, aliyetoka kwao kwenda Iringa kuwa yaya nyumbani kwa Liberatus, msimamizi wa josho. Kiswahili alikuwa nacho kiduchu, cha kununulia chumvi. Siku moja mtoto wa Liberatus, wa miaka miwili, alikuta chupa ya bia chini ya kitanda, akainywa. Ndani hamkuwa na bia. Jioni ile ile wakamzika.

Ukweli wa ile chupa kila mtu aliujua baadaye: Liberatus mwenyewe alileta dawa nyumbani ndani yake. Lakini baba mwenye uchungu hutafuta mkono wa mwingine, na mkono wa Sekela ulikuwa karibu. Kilichommaliza kilitokea msibani. Alimwendea mama wa mtoto, akapiga magoti mbele ya watu wote, machozi yanamtoka, akasema, "Asante, mama. Asante sana."

Waliokuwepo walisikia mwuaji anashukuru.

Wewe unayewajua Wanyakyusa umeshaelewa. Kwao kuna neno moja, ndaga. Ukipewa ndizi unasema ndaga. Ukifiwa, watu wanakuja wanakuambia ndaga. Neno ni lile lile, na moyo unajua lipi ni lipi. Sekela alipofundishwa Kiswahili aliambiwa ndaga ni asante, basi akachukua asante yake akaenda nayo popote, harusini na makaburini.

Kortini alieleza yote hayo kwa lugha yake. Mkalimani alikuwa Anania. Na hapa ndipo ninapomlaumu, ingawa naye alikuwa mtu. Asubuhi ile alikuwa amemwuliza Sekela swali kwa Kinyakyusa kilichoota kutu, na Sekela, bila ubaya, akamsahihisha: "Kaka, hivyo wanasema watoto wadogo." Wanyakyusa waliojaa nyuma wakacheka. Wahehe wasioelewa nao wakacheka, kwa kuwa kicheko hakina lugha. Anania, kaptura yake na soksi zake, masikio yakawaka moto.

Jaji, Mzungu wa watu, akauliza vizuri kabisa: "Neno hili, kwao, lina maana nyingine?"

Anania akasema, "Hapana, bwana. Asante ni asante."

Sekela akahukumiwa miaka kumi na miwili. Walipomtoa kortini alipita karibu na kiti cha mkalimani, akamwambia kwa sauti ya chini, "Neno nililokupa useme, umelikalia. Nitakuja kulichukua." Mapafu yake hayakuiweza baridi ya gerezani. Mwaka wa pili akafa.

Sasa unajua ni nani alikuwa jikoni.

Basi wiki ile asante ilipotea kabisa mdomoni mwa Anania, na wiki iliyofuata ikafuata samahani, na baada yake pole. Kila neno lililompotea lilisikika ndani ya nyumba mchana kweupe, kutoka chumba kisicho na mtu. Halikusikika kwa kelele. Lilisikika kama mwanafunzi anayejifunza, anakosea, anarudia, anajaribu kulishika vizuri: "Pole. Pole, mama. Pole sana, mama. Pole na msiba." Paskalina alikaa uani na mtoto wao Damari mgongoni anachambua mchele, akisikia mwanamke ndani ya nyumba yake akijifunza kutoa pole, sahihi kuliko yeye mwenyewe, na ile harufu ya josho ikitoka dirishani na kuingia katika mchele.

"Ni jini hilo," alisema Esta, jirani yao aliyewahi kuishi na watu wa pwani.

"Sisi ni Wakatoliki, hatuna majini," alisema Paskalina.

"Nyinyi hamna. Lenyewe lina nyinyi."

Padri alikuja akanyunyiza maji. Sauti ikamshukuru. Ilimwambia, "Asante sana, Baba," kwa adabu yote, na padri akakumbuka kwamba ana safari.

Mwezi wa nane mama yake Paskalina akafariki huko Kalenga. Anania aliogopa kwenda, na kutokwenda aliogopa zaidi, maana mkwe asiyefika msibani ajihesabu hana mke. Njia nzima alifanya mazoezi kimoyomoyo: nitashika mkono, nitainamisha kichwa, nitanyamaza. Mwanaume anayenyamaza msibani watu humsifu.

Mkwewe, Mzee Kalinga, alikuwa amekaa juu ya mkeka, blanketi mabegani. Anania akapiga magoti, akashika mkono wa mzee, akainamisha kichwa, akafunga mdomo wake kwa nguvu zote alizopewa na Mungu, na mdomo ukafunguka wenyewe kama mlango usio na komeo, na neno alilolitafuta miezi miwili bila kulipata likarudi, jepesi, zima, kwa sauti yake mwenyewe ya kortini inayofika mpaka ukuta wa nyuma:

"Asante, baba. Asante sana."

Wanawake waliokuwa wanalia wakaacha kulia. Mama mmoja akatua ndoo ya maji chini, polepole, kama aliyeogopa kuiamsha.

"Mkwe," alisema Kalinga, "umesemaje?"

Anania akatikisa kichwa, akajiziba mdomo kwa mikono miwili, na katikati ya vidole likapita tena. "Asante sana, baba."

Mzee alivuta blanketi lake vizuri. Hakuwa na hasira, na hiyo ndiyo iliyokuwa mbaya. "Kuna binti mlimfunga kwa neno hili," alisema. "Ulinihadithia mwenyewe, hapa hapa, ukicheka. Wewe sasa tukufanyeje?"

Paskalina alimsindikiza mpaka njiani. Damari alikuwa amelala mgongoni kwake. "Rudi mjini, Baba Damari," alimwambia. "Sisi tumebaki."

Alitaka kumwambia nisamehe. Neno hilo halikuwapo tena.

Mimi nimelala porini peke yangu na chui akinizunguka, nikamkoholea akaondoka, kwa hiyo najua upweke. Lakini sijaonja upweke wa nyumba ile. Watu walipita mbali na mlango. Korti ilimwachisha, kwani mkalimani asiye na maneno ni kaptura tu. Alikaa mezani na kikombe kimoja, na maneno yakaendelea kumpotea, kwanza ya adabu, kisha ya nyumbani, chumvi, kitanda, mke, mwanangu, na kila lililompotea alilisikia likizungumzwa chumba cha pili na yule mwanamke ambaye sasa Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka, anapanga vyombo visivyoonekana, anambembeleza mtoto asiyekuwapo, anacheka kidogo, anakohoa sana, mpaka ikafika siku Anania akatambua kwamba yule ndiye anayeishi mle ndani, na kwamba kama kuna kivuli kinachokaa kimya mezani na kuwatisha watu, kivuli hicho ni yeye.

Akapanda lori kwenda Nyololo, kwa mganga aitwaye Jailos, aliyesifika kutoa mapepo hata ya ng'ombe. Jailos alichoma ubani, akamfunika shuka, akauliza kama wanavyouliza, "Wewe ni nani, na unataka nini?"

Mdomo wa Anania ukajibu kwa sauti ya kike, bila haraka, "Mimi ni Sekela. Huyu ana neno langu."

"Na yule mwenye chupa?" akauliza Jailos, maana habari ya kesi ile ilikuwa imefika hata Nyololo. "Mbona humfuati?"

"Yule alishazika mtoto wake. Mimi nimwongezee nini?"

Jailos akauzima ubani kwa kidole, akamfunua. "Ndugu yangu, ubani wangu ni wa majini wa kupita, wanaotaka damu ya kuku wakaenda zao. Huyu amekuja na shauri. Huyu nikimfukuza leo, kesho atakata rufaa." Akamrudishia kuku wake, na mganga akikurudishia kuku, ujue. "Nenda kwao milimani. Mama yake yupo. Kapige magoti, useme mbele yake lile neno ulilolificha, kwa lugha ile ile. Labda Sekela atalipokea, akuachie mengine."

Basi akaenda. Lori mpaka Mbeya, lori jingine njia ya Tukuyu, kisha miguu, mvua ile ya kule isiyojua kukatika, migomba kushoto na kulia inamdondoshea maji shingoni. Soksi za korti zilikuwa matope mpaka magotini. Njiani alilifanyia mazoezi lile neno moja bila kutoa sauti, akihofia lisije likaibwa nalo: ndaga, ndaga, ndaga. Neno la mlango wa nyuma. Alishangaa kuona bado lipo, pale pale alipoliacha utotoni.

Nyumba ilikuwa ya mianzi, imekandikwa udongo. Bibi Ikupa, mama yake Sekela, alikaa mlangoni akimenya ndizi mbichi, na kando yake kulikuwa na kigoda kitupu kilichofutwa vumbi. Ilikuwa saa tisa ya mchana, mwanga wote upo. Alimwona mgeni akipiga magoti kwenye tope, akaweka kisu chini.

Anania alivuta pumzi. Akamfikiria Sekela kweli, nadhani kwa mara ya kwanza: magoti yake msibani, machozi yake, kicheko cha kortini, na jinsi swali la jaji lilivyokuwa rahisi. Akafungua mdomo akasema, "Ndaga."

Lilitoka. Zima, na maana zake zote mbili. Ila halikutoka kwa sauti yake.

Bibi Ikupa hakushtuka. Uso wake ulifunguka kama dirisha lililofungwa miaka mitatu. "Sekela," alisema. "Umechelewa, mwanangu. Ingia, mvua inakunyeshea."

"Ndiyo, mama," mdomo ukajibu.

Anania alijaribu kusimama akimbie. Magoti yake yalisimama, ndiyo, lakini yakaingia ndani, yakaenda moja kwa moja kwenye kigoda, na mikono yake ikachukua kisu ikaanza kumenya ndizi, haraka, kwa ustadi ambao yeye hakuwahi kuwa nao.

Alikuwa mkalimani. Sasa amepata kazi ya kudumu.

Nilipita kule mwaka wa hamsini na nane, na hili nimeliona kwa macho haya. Nilimkuta mwanaume mwenye ndevu amekaa jikoni na bibi kizee, wanazungumza habari za shamba, na sauti zote mbili ni za kike. Bibi alikuwa amenenepa, anacheka. Nyumba ile haikuwa na huzuni hata kidogo, isipokuwa mahali pamoja: macho ya yule mwanaume. Yalinitazama kama mtu anavyotazama akiwa ng'ambo ya mto uliofurika.

Nilimpa sukari niliyokuwa nayo. "Asante sana, kaka," ilisema sauti ya Sekela, nzuri, na ya kweli. Macho hayakusema hivyo.

Mimi, ambaye sijawahi kukosa la kusema, nikatafuta neno. Nikasema pole. Mpaka leo sijui nilimwambia nani kati yao.