Homa Iliyofichwa kwa Maji Baridi

Jumanne, tarehe kumi na moja Juni. Asubuhi hiyo manyunyu yaliteleza juu ya kioo cha dirisha, na Sisimizi akawa anayahesabu matone kwa kukosa mtu wa kuzungumza naye.

Ilikuwa siku yake ya sita hospitalini, katika chumba cha peke yake. Kidonda cha mguu kilikuwa kimeingiwa na vijidudu. Ndugu zake, waliombandika jina la Sisimizi kwa kupenda kwake sukari, hawakuruhusiwa kuja. Bibi alimpungia mkono nje ya kioo, kisha akaenda zake. "Homa ikishuka siku mbili mfululizo, utarudi nyumbani," daktari alikuwa amesema.

Aliposikia viatu vya muuguzi, Sisimizi alijaza maji baridi mdomoni, akayashikilia, akameza. Kipimajoto kikawekwa chini ya ulimi.

"Thelathini na sita na nusu, kama jana! Kesho unakwenda nyumbani, mwanangu."

Alitabasamu, huku mguu ukimpwita.

Adhuhuri muuguzi alirudi na mpimaji wa maabara, mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi. Mzee akamgusa paji la uso. "Lo! Hapa yai linaiva. Damu yako niliyoipima inasema vita, kipimajoto kinasema amani. Nani mwongo?"

Machozi yakamtoka. "Mimi, babu. Nimekuwa nikijaza maji baridi mdomoni kabla ya kupimwa. Nimechoka upweke. Hata nikisali, nasikia sauti yangu tu."

"Mungu hakukuacha peke yako," mzee alisema, akiketi. "Damuni mna askari. Hawana macho, wanapapasa, kama sisimizi. Seli zako zimevaa sukari za namna yake, na vijidudu vimevaa za namna nyingine. Askari ana vipokezi vya kunasa zile ngeni, kama kitasa na ufunguo wake. Akizinasa, anapiga kengele, na kengele yenyewe ndiyo homa. Wewe umeiziba! Tungekuruhusu uende nyumbani, na mguu ungeoza."

Dawa ikabadilishwa. Bibi akavalishwa barakoa, akaruhusiwa kuketi naye kila jioni. Siku ya nne homa ilishuka, safari hii kweli.

Siku ya kuondoka, Bibi alimshika bega. "Mficha maradhi, mjukuu wangu..."

"...kifo humuumbua," Sisimizi akamalizia. Akawatazama Bibi, muuguzi na mzee wa maabara. "Mbele yenu na mbele ya Mungu, naahidi: mwili wangu ukisema unaumwa, ulimi wangu hautaukana. Na maji nitakunywa baada ya kupimwa!"