Mpira Uliopita Chini ya Kiti

Jumanne, saa kumi na mbili kasoro robo jioni, gari la dada yangu lilishindwa kupanda mlima. Halikuzima. Injini ilinguruma, moshi mweusi ukatoka nyuma, na gari likaenda kwa mwendo wa mtu aliyebeba gunia.

"Limechoka kama mimi," dada alisema, akitafuna karafuu. Tangu alinunue, miezi michache nyuma, alikuwa na kifua kisichopona. Vipimo vyote vilitoka safi.

Tuligeuza, tukateremka hadi gereji iliyo chini ya mlima. Fundi wa pale huitwa Sikio, kwa sababu hutembea na kipande cha mpira shingoni kama daktari. Ncha moja huiweka sikioni, nyingine huipitisha juu ya injini kutafuta panapovuja hewa.

"Hii ni tabo," alisema. "Feni ya kusukumia hewa kwenye injini. Ikikosa presha, gari linakuwa punda. Washa."

Dada aliwasha, akashuka, akaenda kukaa kwenye benchi nyuma yetu. Sikio alipitisha mpira wake. Bomba kubwa zima. Klipu zimekaza.

"Hakuna panapovuja," alisema. "Ila kuna panaponyonywa."

Mwizi wa hewa hutafutwa kwa njia moja, alinieleza. Unabana mipira midogo, mmoja mmoja, kwa koleo lililofungwa kitambaa. Ukimbana mwenyewe, injini itakwambia.

Alibana wa kwanza. Hakuna. Wa pili. Hakuna.

Wa tatu ulikuwa umejificha nyuma, mkuukuu kuliko wenzake. Alibana.

Injini ikapumua. Sina neno jingine. Mshale wa presha ukapanda.

"Nimekukamata, bwana mdogo," Sikio alisema.

Nyuma yangu, benchi liligonga ukuta.

Dada alikuwa amesimama, mdomo wazi, mikono shingoni. Hakukohoa. Hakutoa sauti yoyote. Nilipomfikia, akavuta hewa... ndefu, kama mtu aliyeibuka majini.

"Karafuu imenipalia," alinong'ona.

Sikio hakuona. Injini ilikuwa ikinguruma na kichwa chake kilikuwa chini ya boneti. Na ni fundi makini. Tatizo halithibitishi kwa kujaribu mara moja.

Alibana tena.

Safari hii dada alipiga magoti.

"Achia, fundi," nilipiga kelele. "Achia."

Aliachia. Alitutazama, akalitazama koleo lake. Akaenda kuzima gari.

Kimya.

Isipokuwa sauti moja.

Sss... kisha kimya. Sss... kisha kimya.

Injini ikizimwa, hakuna kinachobaki cha kunyonya hewa. Mimi si fundi, lakini hilo nalijua.

Sikio aliufuata mpira kwa vidole. Ulipita nyuma ya injini, ukapenya kwenye tundu ambalo halikutobolewa kiwandani, ukaingia chini ya zulia, ukaishia ndani ya kiti cha dereva. Haukuunganishwa na kifaa chochote. Ncha yake ilishonewa kwenye sponji, pale mgongo wa dada unapoegemea. Sikio aliifumua, akainusa. Akanipa nami ninuse.

Karafuu.

Ilikuwa vuguvugu, na imelowa. Sikio alikitazama kifua cha dada. Sss... kikapanda. Kikashuka. Sss... kikapanda.

"Usimwambie," alininong'oneza.

"Nina masikio," dada alisema. "Nipeni simu."

Alimpigia mtu aliyemuuzia gari, tukawa tunasikiliza sote. Alipokea huku akicheka na mtu pembeni. Sauti nzito, ya mtu mwenye afya. Siku tulipokwenda kulichukua gari hakuweza kuinuka kitandani. Mkewe ndiye aliyetukabidhi ufunguo.

"Kuna mpira chini ya kiti," dada alisema.

Kicheko kilikatika.

"Mmeubana?"

"Nani aliuweka?"

"Niliukuta, dada yangu. Haki ya Mungu, niliukuta. Aliyeniuzia mimi naye alikuwa hoi, hajiwezi. Nilidhani ni maradhi yake tu." Alishusha sauti. "Siku ile ulipoliondoa gari hapa nyumbani, kabla hujafika barabarani, nilikaa kitako. Nikaomba chakula."

"Sasa mimi nifanye nini?"

Tulisikia akifunga mlango.

"Uza."

Akakata. Hakupokea tena.

Dada alibaki na simu mapajani. "Nimuuzie nani?" aliuliza. "Mdogo wangu, nitajie mtu."

Nilitafuta kichwani. Nina watu wengi nisiowapenda. Sikumpata hata mmoja.

Akamgeukia Sikio.

"Mimi natembea kwa baiskeli, mama," Sikio alisema.

Dada alicheka. Katikati ya kicheko, pumzi ikamkatikia.

Mpira ulikuwa wa zamani, na pale koleo lilipobana mara mbili ulikuwa umepasuka. Ufa ulikuwa mdogo kama ukucha. Sikio aliuzungushia utepe. Utepe ukateleza kwa unyevu. Akauzungushia mwingine. Ukateleza. Nikamsukuma kando, nikaukamata ufa kwa mikono yote miwili.

Dada akavuta hewa.

"Umeshika?"

"Nimeshika."

"Usije ukajikuna."

Sikio aliita gari la wagonjwa. Muuguzi alimsikiliza dada kifua, akasema mapafu hayana kasoro, lakini midomo imebadilika rangi, lazima aende sasa hivi. Akaniambia nipande. Nikamwambia siwezi kuachia. Alimtazama Sikio ili apate maelezo. Sikio aliinama kuokota utepe.

"Mwacheni," dada alisema kutoka kwenye machela. "Yuko kazini."

Waliondoka. Taa zao zikapotea kwenye kona. Mpira uliendelea kutuna na kunywea viganjani mwangu, taratibu, kama koo la mtu aliyelala. Vidole vilikufa ganzi. Sikio alitaka kunipokea, nikakataa. Niliogopa ile nafasi ndogo kati ya mkono wangu na wake.

Saa mbili kasoro robo muuguzi alipiga simu. Sikio aliniwekea sikioni. Muuguzi alisema dada amekata roho njiani, kabla hawajafika hospitali.

Mpira ulikuwa bado unapumua.