Vioo vya Lori la Gidahosh

Kila Jumamosi, akishafua sare zake, Letisia alimpelekea mama yake makande kwenye uwanja wa kupakia vitunguu swaumu, kule Tumati. Mkoa wa Manyara ulikuwa bado mchanga, na malori ya wafanyabiashara yalipanda milimani moja baada ya jingine.

Mama yake, Perpetua, na wenzake walikaa chini wakikata mizizi ya vitunguu. Upepo wa huko hauna adabu, hivyo walijikinga nyuma ya lori, wakalifanya ukuta. Wiki iliyopita lori lilirudi nyuma likamvunja mguu mwenzao, Efrazia. Msimamizi, Hermani, alisema Efrazia alizembea. Kesho yake wanawake wakakaa palepale! Tangu hapo Letisia hakuwa na raha. Je, atakayefuata akiwa mama?

Leo alimkuta dereva, Gidahosh, amepumzika kwenye kabini, injini imezimwa.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Naomba nipande nitazame kwenye vioo vyako.”

“Ee, unataka kuninyang’anya kazi?” Gidahosh alicheka, akatia ufunguo mfukoni, akampisha.

Letisia akatazama kioo cha kulia, kisha cha kushoto. Aliona magunia na uzio. Mtu, hakuna hata mmoja!

“Mama, uko wapi?” aliita.

“Si niko hapa nyuma!”

Sauti aliisikia, mama hakumwona. Letisia aliogopa sana. Alishuka mbio hadi kwa Hermani.

“Shikamoo, baba. Samahani, mama Efrazia hakuzembea. Njoo uone mwenyewe.”

Hermani alikunja uso. Mtoto amsahihishe yeye! Hata hivyo alipanda, akatazama vioo vyote viwili, naye hakuwaona wanawake. Akashuka, akawaita vijana.

Siku hiyohiyo vijana walichimbia nguzo kando ya uzio, mbali na malori, wakafunga turubai la kuzuia upepo. Utingo naye akaagizwa kusimama mahali dereva anapomwona, na lori lisirudi nyuma mpaka atoe ishara.

Kisha Hermani akawakusanya wote. “Nilimlaumu aliyeumia, sikutazama kilichomuumiza. Kesho nitakwenda kumwomba Efrazia radhi. Tujifunze kwa Letisia: ukiona hatari kazini, sema, hata kama unayemwambia ni mkubwa wako.”

Wanawake walipiga vigelegele. Perpetua alisimama, kifua mbele, akamshika Letisia bega.

“Huyu ni wangu,” aliwaambia, hata wale waliomjua Letisia tangu akibebwa mgongoni.