Pesa Inayoingia Haiulizi Namba ya Siri

Jumatano, tarehe 13 Novemba 2024, saa tatu asubuhi, Eliezeri, mkulima wa kahawa wa Masama, mlimani, alikuwa akimkatia ng'ombe majani simu ilipolia. Siku hiyo ndiyo iliyomwangusha.

Mpigaji alimsalimia kwa Kimachame safi. Akamtajia jina lake, na namba yake katika chama cha kahawa. Akasema malipo ya pili ya kahawa yametoka, ila yamekwama kwenye mtandao. Malipo ya pili, ile nyongeza inayokuja kahawa ikishauzwa! Mkulima gani wa mlimani asiyeyangoja?

Eliezeri alikuwa mgane. Ndani ya simu alikuwa ameweka laki sita za kumjengea marehemu mkewe, Mektrida, kaburi la saruji kabla watoto hawajapanda mlimani nyumbani Krismasi.

Meseji yenye tarakimu sita ikaingia. Mpigaji akaomba asomewe, pamoja na namba ya siri. Eliezeri akasoma zote. Alijiambia kwamba anayeongea lugha ya mama yake hawezi kumla.

Aliliwa. Saa tatu na nusu simu ilikuwa tupu.

Akamkimbilia Theodora, wakala wa pesa za simu pale sokoni. Theodora akapiga 100, huduma kwa wateja, laini ikafungwa. Lakini pesa zilikwisha kutolewa. Akamwambia aende polisi, na abadilishe namba ya siri.

"Baba, ungempa mgeni ufunguo wa stoo kwa sababu kakusalimia Kimachame?"

"Ningempa mbege anywe kwanza."

"Basi huyu umempa mbege, na stoo pia."

Eliezeri hakucheka. Theodora akapunguza sauti.

"Sikiliza, baba. Pesa inayoingia haiulizi namba ya siri. Inayouliza ni inayotoka. Na zile tarakimu za kwenye meseji ni zako peke yako, hata mimi usinitajie. Ukipigiwa hivyo, kata simu. Nenda mwenyewe chamani ukaulize. Namba ya tapeli itume kwa meseji kwenda 15040, wanakopokea taarifa za matapeli."

Krismasi watoto walipanda. Wakamkuta mama yao bado chini ya tuta la udongo. Elifuraha, binti mkubwa, akachukua jembe akalipalilia lile tuta. Bora angemgombeza.

Januari simu ikalia tena. Sauti nyingine, maneno yaleyale.

"Nakuja chamani sasa hivi," Eliezeri akajibu. "Unisubiri mlangoni."

Simu ikakatwa. Akaituma namba ya tapeli kwenda 15040, kisha akapita nyumba kwa nyumba akiwaeleza wenzake. Wiki ile wanne walipigiwa. Hakuna aliyetaja chochote.

Lakini katika kupita huko alisikia jambo lililomchoma kuliko wizi wenyewe. Mwaka mmoja kabla yake, Hosea na Mama Goodness waliliwa vivyo hivyo, na wote wawili walikwenda ofisi ya chama kutoa taarifa.

Kwenye mkutano mkuu wa chama Eliezeri akasimama. Mwenyekiti akamwambia angoje ajenda ya mwisho, ya mengineyo. Hakungoja.

"Michango mnaitangaza kwa spika mpaka kanisani. Hili mlilijua mwaka mzima. Mlinyamaza kwa nini?"